Kompyuta ya steshenari: kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint

Hali ilivyo kabla ya kugusa kitu

Mashine ni Dell OptiPlex 7010, lile boksi dogo linalolazwa chini ya skrini. Prosesa ni Intel Core i5-3470, kizazi cha tatu, ya mwaka 2012. RAM GB 4. Hadidiski ya kuzunguka, GB 500. Ndani yake kuna Windows 10 Pro, toleo 22H2. Printa ni HP LaserJet 1020, skana ni CanoScan LiDE 110. Vyote viko steshenari kwa shangazi, Morogoro mjini.

Kazi zake: kuchapa barua, kujaza maombi ya kazi za serikali kwenye Ajira Portal na ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, maombi ya vyeti vya kuzaliwa vya RITA, kupakua na kuprinti fomu za kujiunga na shule, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Ikifika Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka na wazazi wa kidato cha kwanza wakianza kuhangaika na fomu, foleni inafika barabarani. Kwa hiyo mradi lazima uishe Desemba.

Sababu yenyewe inajulikana: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10. Mashine haikuzima siku hiyo, wala haikupungua kasi. Kilichokoma ni kuzibwa kwa matundu mapya ya usalama yanapogunduliwa. Ingekuwa kompyuta ya nyumbani ya kuangalia tamthilia, ningeiacha kwanza. Lakini hii inachomekwa flashi za watu wasiojulikana kutwa nzima, na wateja wanaingiza humo nywila zao za akaunti za serikali. Hapo siwezi kusema tutaona.

Jambo moja liandikwe mapema maana ndilo limeamua mengi humu. Mimi nipo Morogoro mpaka baada ya sikukuu, kisha narudi kazini Dodoma. Watakaobaki na mashine ni shangazi na binti anayemsaidia dukani. Kila uamuzi nimeupima hivi: kikiharibika kitu saa nne asubuhi, wateja wamejaa, hawa wawili watajinasua bila kunipigia simu? Shajara hii inabaki kwenye folda iitwayo FUNDI, kwa ajili ya fundi yeyote watakayemwita.

Jumamosi – kupima njia

Windows 11 ndiyo iliyotajwa kwanza na kila mtu. Masharti yake rasmi ni chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ukaguzi wa mfumo wakati mashine inawaka), RAM GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane isipokuwa chache sana. Yetu ni kizazi cha tatu na TPM yake ni 1.2. Kwa masharti hayo haipiti.

Mafundi mjini watakwambia “inapiga tu hiyo, kaka”, na hawakudanganyi. Ukitengeneza flashi ya kusakinishia kwa programu ya Rufus, kuna kisanduku cha kuondoa ukaguzi wa TPM na Secure Boot, na inapiga. Toleo la 24H2 liliongeza sharti lisilokwepeka, maelekezo ya prosesa yaitwayo POPCNT na SSE4.2, Core 2 Duo za zamani zimekwama hapo, ila i5-3470 inayo yote mawili. Nimeijaribu kwenye diski ya pembeni na imewaka vizuri.

Nimeikataa hata hivyo. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma, na toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe kwenye mashine ya aina hiyo. Lazima mtu aje na flashi, arudie ule ujanja. Huyo mtu ni mimi, na sitakuwepo.

Njia ya pili ni kubaki Windows 10 na kujiandikisha kwenye masasisho ya nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Yanapatikana kwa dola 30, au bila kulipa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu nakala ya mipangilio yako ipandishwe huko. Ni njia halali na kwa baadhi ya watu ndiyo inayofaa. Kwetu ni kusogeza tatizo hilohilo hadi Oktoba ijayo.

Ya tatu, kununua kompyuta ya mtumba ya kizazi cha nane. Nilimtajia shangazi bei niliyoulizia. Alinyamaza, akachukua kikokotoo. “Baba, hizi ni rimu ngapi za karatasi?” Tukaliacha.

Ya nne, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows. Toleo nililotumia ni 22.2, limejengwa juu ya Linux nyingine, Ubuntu 24.04, na linahudumiwa hadi 2029. Nimechagua sura ya Xfce kwa sababu ni nyepesi na menyu yake ipo kushoto chini, pale pale mkono wa binti unapokwenda. Faili lake ni karibu GB 3. Nililipakua usiku kwa bando la usiku, nikahakiki alama ya sha256, inayoonyesha kama faili limefika zima, kabla ya kuliandika kwenye flashi. Usiruke hatua hiyo. Faili lililokatika njiani linaweza kuwaka vizuri kabisa, kisha likakwama katikati ya kusakinisha ukabaki unailaumu mashine.

Jumapili – ndani ya boksi

Duka limefungwa, nimeifungua. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya feni kama blanketi, limechanganyika na unga mweusi wa tona. Nimepuliza, nimepangusa, nimebadilisha ile dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa, ambayo ilikuwa imekauka na kupasukapasuka.

Kisha betri. Hili nilitaka kulielewa tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilimwona shangazi kila asubuhi akiwasha kompyuta, anabofya saa iliyo pembeni, anaweka tarehe na mwaka, ndipo anafungua kivinjari. Hakuwa analalamika. Aliniambia tu kwamba “bila hivyo intaneti inagoma”. Ni kweli inagoma: betri ya CR2032 kwenye ubao ikifa, umeme ukikatika saa inasahau ilikokuwa na kurudi miaka mingi nyuma. Kivinjari kinasoma cheti cha usalama cha tovuti, kinaona kimetolewa katika siku ambayo kwa hesabu zake bado haijafika, kinakataa kufungua. Duka zima limekuwa likiendeshwa hivyo kwa sababu ya betri ya shilingi elfu mbili.

RAM: nimetoa vipande viwili vya GB 2 na kuweka viwili vya GB 4, DDR3, vya mtumba. Mint ingeweza kuishi ndani ya GB 4. Kinachokula RAM siku hizi ni kivinjari, na humu hufunguliwa WhatsApp ya wavuti, barua pepe na tovuti ya maombi kwa pamoja. Niliviacha vipimwe usiku kucha na memtest. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu. Nikapima kimoja kimoja: kibovu ni kimoja. Muuzaji amekibadilisha bila maneno, ila ningekuwa nimeweka mfumo mpya juu ya RAM ile, tungekuja kusema Linux ndiyo inayogandaganda.

Jumatatu – diski inakufa

Nilitarajia kuhamisha nyaraka tu. Nilipoangalia afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, ilikuwa njano: kuna sekta, yaani vipande vya diski, zilizokwisha hamishwa na nyingine zinazosubiri kwa sababu hazisomeki. Mashine ilikuwa inachukua zaidi ya dakika nne kuwaka hadi Word ifunguke, na wote dukani waliamini ni uzee wa kompyuta. Prosesa haina shida yoyote. Diski ndiyo ilikuwa ikirudia kusoma mahali pale pale mara nyingi kabla ya kukata tamaa.

Mpango umebadilika. Diski inayokufa hainakiliwi kwa kuburuta mafolda, kwa sababu kila faili linalogoma linailazimisha kuhangaika na inazidi kuchoka. Nimewasha Mint kutoka kwenye flashi, nikaweka gddrescue (kifurushi chenye programu ya ddrescue, ya kuokoa data), nikanakili diski nzima kwenda kwenye nyingine ya GB 500 ya mtumba niliyoikagua kwanza. Uzuri wa ddrescue ni kwamba inapita kwanza haraka kwenye sehemu zilizo nzima, yale mabovu inayaruka na kuyarudia mwishoni. Pia inaandika ramani ya ilikofika.

Ramani hiyo niliiweka kwenye flashi nyingine, siyo kwenye eneo-kazi la Mint, kwa kuwa Mint ya kwenye flashi inaishi ndani ya RAM na umeme ukikatika kila kitu kinayeyuka. Nimeandika hili kwa kirefu kwa sababu umeme ulikatika kweli, alasiri, kazi ikiwa imevuka nusu. UPS ya duka ilipiga kelele ikazima. Umeme uliporudi jioni niliwasha, nikaweka gddrescue upya, nikaielekeza kwenye ramani ile ile, ikaendelea pale ilipoachia.

Mwisho wa yote kilichopotea ni kidogo mno: picha chache na faili moja la muda la Windows. Diski iliyochoka nimeiandikia MBOVU kwa kalamu ya rangi na kuiweka droo ya chini. Isitumike kwa lolote.

Jumanne – je, itaprinti?

Nilimwambia shangazi kwamba kabla ya kusakinisha chochote tutapima printa na skana kutoka kwenye flashi. Steshenari isiyoprinti ni kibanda tu.

Skana ilikubali papo hapo. LiDE 110 ina draiva yake ndani ya SANE, mkusanyiko wa draiva za skana unaokuja na Mint. Ukichomeka waya, ukifungua programu ya kuskani, jina lake lipo. Hakuna la kuandika zaidi.

Printa ina habari ndefu. LaserJet 1020 ni ya kundi la printa zisizohifadhi programu yake ya ndani. Kila ikiwashwa inaamka haijui kazi. Kompyuta lazima iipelekee programu hiyo kwanza kupitia waya wa USB, ndipo ianze kupokea kurasa. Kwenye Windows draiva hufanya hivyo kimyakimya. Kwenye Linux kazi hiyo ni ya kifurushi cha hplip, lakini kwa printa za kundi hili hplip peke yake haitoshi: inahitaji programu-jalizi ya HP inayopakuliwa kando baada ya kukubali masharti. Mint itaiona printa, itaandika jina lake sahihi, itapokea kazi zako zote na kusema zimekamilika, na hakuna karatasi itakayotoka.

Dawa: fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika hp-plugin, fuata maelekezo. Kisha zima printa na uiwashe. Ukiisikia inanguruma kidogo sekunde chache baada ya taa kuwaka, imepokea. Ukurasa wa majaribio umetoka, shangazi akaushika kwenye mwanga akaangalia weusi wa herufi. “Huu ni ule ule,” akasema. Nilichukulia kama ruhusa.

Fundi utakayefuata zingatia: toleo la programu-jalizi lazima lilingane na toleo la hplip. Siku hplip ikisasishwa, printa inaweza kunyamaza tena mpaka hp-plugin iendeshwe upya. Faili la sasa limehifadhiwa ndani ya folda ya FUNDI ili usitegemee intaneti. Binti nimemfundisha hatua hizi, amezifanya mbele yangu mara kadhaa huku mimi mikono nimeiweka mfukoni.

Jumanne usiku – kusakinisha

Sehemu hii ndiyo watu huiogopa na ndiyo nyepesi kuliko zote. SSD ya GB 240, diski itakayobeba Mint, imechomekwa kwenye tundu la SATA0 na kubanwa kwa gundi ya pande mbili. Haina kinachozunguka, kwa hiyo haijali imelalaje. Nakala ya Windows ipo kwenye nafasi ya diski kubwa, ila waya wake niliuchomoa wakati wa kusakinisha, ili asitokee mtu, nikiwemo mimi, wa kubofya diski isiyo yake.

Nimeacha mashine iwake kwa mtindo wa zamani, Legacy, siyo ule mpya wa UEFI. Windows iliyonakiliwa ilisakinishwa hivyo, na nataka zote mbili zichaguliwe kwa F12 wakati wa nembo ya Dell bila mtu kuingia kwenye mipangilio.

Kutoka kubofya “sakinisha” hadi mfumo kuwaka kutoka kwenye SSD, ndani ya nusu saa. Masasisho yalichukua muda mrefu zaidi kwa sababu ya mtandao. Halafu nikawasha Timeshift, inayopiga picha ya mfumo kila wiki na kuhifadhi tatu za mwisho. Inahusu mfumo tu. Nyaraka za duka zinanakiliwa kwenye diski ya nje kila Ijumaa jioni, kazi ya binti.

Jumatano – kadi

Leo ndiyo nimekutana na ukuta. Shangazi ana folda yenye kadi za miaka mingi, zote zimetengenezwa kwa Microsoft Publisher: harusi, sendoff, kipaimara, ubatizo, maulidi, ratiba za maziko. Mteja akija anasema “nitengenezee kama ya dada yangu”, na ya dada yake imo humo.

LibreOffice ndiyo programu za ofisi za Mint, na Draw, ile ya kuchora, inafungua faili za .pub, yaani za Publisher. Inafungua, lakini nilipoweka kadi ya harusi kwenye skrini, maua ya pembeni yalikuwa yamehamia katikati juu ya jina la bibi harusi, na maandishi yaliyopindwa kufuata upinde yamenyooka. Nilijaribu nyingine. Zile zenye maandishi na mistari tu zinatoka karibu sawa. Zenye mapambo zinavurugika.

Shangazi aliangalia akasema polepole, “Hii siwezi kumpa mtu.” Na ana haki.

Ningeweza kushupalia Linux kwa sababu ya ushabiki. Sikufanya hivyo, na ndiyo maana nakala ya Windows ipo ndani ya boksi. Utaratibu tuliokubaliana: kadi za zamani zinafunguliwa huko, zinabadilishwa jina na tarehe, zinatolewa kama PDF, zinaprintiwa kutoka Mint. Windows hiyo imezimiwa kadi ya mtandao, haigusi intaneti wala flashi ya mteja. Na kila wakati kadi moja ya zamani inapohitajika, ikipatikana nafasi, binti anaijenga upya kwenye Draw na kuihifadhi kama kiolezo.

Haya tungeyafanya tu hata tungebaki na Windows. Microsoft imekwisha tangaza kwamba Publisher yenyewe inaisha Oktoba 2026. Wenye steshenari wenzetu wenye makabati ya .pub waanze kutoa PDF sasa.

Alhamisi – barua na fonti

Barua ya maombi ya kazi iliyokuwa ukurasa mmoja kwenye Word ilifunguka LibreOffice ikiwa ukurasa mmoja na mistari miwili. Jina na saini ya mwombaji zimeangukia ukurasa wa pili. Kwa mteja huo ni ukurasa anaolipia bila sababu.

Chanzo ni fonti. Mint ina mbadala zenye vipimo sawa: Liberation Serif kwa Times New Roman, Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria. Zikiwepo, mistari inakatika pale pale. Carlito na Caladea hazikuwepo. Nimeziweka, na pia kifurushi cha mscorefonts kwa ajili ya Times na Arial zenyewe. Barua ikarudi ukurasa mmoja. Nyaraka za kisheria zenye majedwali ndani ya majedwali bado zinasogea kidogo. Za namna hiyo mteja aombwe alete PDF.

Nimewasha pia kamusi ya Kiswahili ya LibreOffice, sw_TZ. Wengi hawajui ipo. Kazi ya kuiingiza lugha hii kwenye programu hizi ni ya zamani: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice miaka sita baadaye. Kamusi si kamilifu, vitenzi virefu vyenye viambishi vingi inavipigia mstari mwekundu ingawa ni sahihi. Lakini “taadhali” aliyoiandika mteja kwenye tangazo lake iliikamata kabla halijaprintiwa nakala 50.

Ijumaa na Jumamosi – siku za kazi za kwanza

Mashine inawaka na kuwa tayari kabla binti hajamaliza kufunua pazia la kaunta. Hili ndilo wateja wameliona. Hakuna aliyeuliza ni mfumo gani.

Flashi za wateja: ya kwanza tu asubuhi ilikuja na kile kirusi cha shotikati, ambapo mafolda yote ya mwenye flashi yamefichwa na mahali pake kuna alama za kubofya zinazoita programu mbaya. Kwenye Windows ukibofya umekwisha. Hapa zile shotikati zilionekana kama faili za .lnk zilizokufa, na nyaraka za mteja, zilizotiwa ndani ya folda ambalo jina lake ni nafasi tupu, zilikuwa zinaonekana wazi. Binti alimtolea vyeti vyake, akamwandikia kwenye kikaratasi kwamba flashi ina ugonjwa. Angalizo kwa fundi: Mint haidhuriki kwa kirusi hicho, lakini flashi inabaki nacho. Usinakili .lnk hizo kuzipeleka kwenye diski ya Windows.

Akaunti ya mgeni: nimeiwasha kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia. Mteja anayejaza maombi mwenyewe anaingia humo, akitoka kila kitu kinafutika, nywila na historia na vyote. Naipenda kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu. Zamani ukifungua tovuti ya ajira, kivinjari kilikuwa kinakupendekezea barua pepe za watu wa mtaa mzima.

Ina ukali wake lakini. Kijana mmoja alipakua barua yake ya kuitwa kwenye usaili, akatoka kwenye akaunti, akaja kaunta kuomba aprintiwe. Barua haikuwepo tena. Alirudi akaipakua upya, si hasara kubwa, ila alikuwa na haraka na alitusema. Sasa kuna karatasi imebandikwa juu ya skrini: PRINTI KWANZA, TOKA BAADAYE.

Jumamosi shangazi aliniita kutoka nyuma. “Baba, saa imerudi nyuma tena. Betri yako imekufa?” Alikuwa ndani ya Windows akitafuta kadi. Ilikuwa saa saba mchana, kompyuta inasema saa nne asubuhi. Tarehe na mwaka vilikuwa sahihi. Betri ikifa saa haipotezi saa tatu tu, inapoteza miaka. Saa tatu kamili ni tofauti ya Afrika Mashariki na saa ya dunia, UTC: Mint huiandika saa ya ubaoni kwa UTC, Windows huisoma ikidhani ni saa ya hapa. Kwa kuwa Windows hiyo haina mtandao wa kujisahihisha, inabaki hivyo. Nimeiambia Mint itumie saa ya hapa:

timedatectl set-local-rtc 1

Ukiandika timedatectl peke yake baadaye, utaona onyo kwamba mtindo huo haupendekezwi. Sababu kuu ya onyo ni nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, sisi hatumo.

Jumatatu – kukabidhi

Leo nimekaa kwenye kiti cha mteja na sikugusa kipanya. Binti ameprinti, ameskani, amefungua WhatsApp ya duka na kupakua nyaraka, ameingia Windows kwa F12 na kurudi. Kisha nilimwomba atoke kidogo, nikaondoa kifurushi cha hplip, nikamwita nikamwambia printa haifanyi kazi. Alianza na waya, akazima akawasha printa, akaendesha hp-plugin ikagoma, akasimama kidogo. Halafu akafungua Timeshift, akarudisha picha ya Ijumaa, akawasha upya. Karatasi ikatoka. “Kaka, hii umeharibu makusudi,” akasema, na shangazi akacheka mpaka akakaa.

Kinachoendelea kuwasumbua ni vitu vidogo. Picha za paspoti saizi: binti alizoea Photoshop ya zamani, GIMP, programu ya picha ya upande wa Mint, anaiona ngumu, na kwa sasa anazitengeneza upande wa Windows kwa kamera yenyewe, siyo kwa flashi za watu. Sijamlazimisha.

Yaliyobaki:

Betri ya UPS imechoka, haihimili hata muda wa kuzima mashine vizuri. Inunuliwe kabla ya Januari. Shangazi amekubali, amesema baada ya mauzo ya kadi za sikukuu.

Kadi za harusi zilizohamishiwa Draw ni chache bado. Zianze zenye maandishi matupu, za maua mwisho.

Mint 22.2 ikiuliza kama ipande kwenda toleo dogo linalofuata la 22, binti anaweza kukubali, mradi apige picha ya Timeshift kwanza na aendeshe hp-plugin baadaye. Toleo la 23 likitoka, asikubali. Linasubiri mtu.

Nywila ya msimamizi imo kwenye bahasha ndani ya daftari la mauzo. Fundi, ukiitumia, andika hapa chini tarehe na ulichofanya.